Kwa Jina la Mama Mdogo

Jumanne, 10 Juni

Mama Mdogo amekuja kazini na bendeji mkononi tena. Daktari kamwambia apunguze kushika kipanya cha kompyuta. Apunguze vipi? Kila alasiri yeye ndiye anayeburuta picha za gazeti, moja moja, kutoka kwenye seva ya wapiga picha kwenda Ghalani — ndivyo tunavyouita mfumo mpya wa kutunza picha. Nimemwambia nitatengeneza programu izihamishe yenyewe, yeye akiwa amelala. Kacheka. Eti nikimaliza hiyo nimtengenezee na ya kuosha vyombo.

Niseme kweli, humu hanisomi mtu: si mkono wake tu. Nataka Miwani ajue nina kichwa. Miwani ni mhariri wa picha, bosi wetu sote wawili. Tangu Mama Mdogo aniombee kazi hapa, ananiita "yule mpwa". Hata jina langu sidhani kama analijua.

Ijumaa, 13 Juni

Imekamilika! Nimeibatiza Mpagazi. Kikwazo kilikuwa kimoja: akaunti yangu Ghalani ni ya kutazama tu. Ya kuweka na kutoa ni ya Mama Mdogo. Kuomba ruhusa ni barua, na barua hapa huzeekea mezani. Nikamwomba nywila yake. Akanitajia hapo hapo, mdomo umejaa mkate. Chukua mwanangu, mimi na wewe tuna siri gani.

Kwa hiyo Mpagazi anafanya kazi kwa jina lake. Nimemwelekeza kwenye folda ya mwezi, kwa njia ya kufananisha: kilichopo kwenye seva kiwepo Ghalani, kisichopo kisiwepo. Safi, hakuna marudio. Kapu la taka la Ghala, lile linalohifadhi vilivyofutwa, nimelizima pia, linakula nafasi bure.

Jumatano, 18 Juni

Miwani kanisifu mbele ya chumba kizima. Kaniita kwa jina! Mama Mdogo alasiri hana kazi, anachonga penseli na kuwauliza watu kama wameshakunywa chai. Bendeji kaivua. Nimevimba kichwa wiki nzima, acha nivimbe.

Jumatatu, 30 Juni

Folda ya Juni Ghalani ni tupu.

Nimeketi chooni naandika kwenye simu. Ijumaa wapiga picha walifagia. Kila mwisho wa mwezi wanafagia: wanafuta kila kitu kwenye seva ili wapate nafasi, maana picha zimeshaingia Ghalani. Naijua desturi hiyo. Nimeshawatania mara ngapi kwamba nyumbani kwao hawashiki ufagio. Mpagazi akaamka usiku, akakuta seva tupu, akafananisha. Alifanya nilichomwagiza.

Kadi za kamera zimeshatumika upya. Na zile picha za shule mpya, kuta zenye nyufa za kupitisha mkono, zilizokuwa zitoke Alhamisi — zimekwenda. Mkandarasi aliyeijenga ameshaziba nyufa na kupaka rangi. Hakuna cha kurudi kupiga.

Jumanne, 1 Julai

Miwani alituita wote wawili. Mfumo unasema aliyefuta ni Mama Mdogo. Jina lake kamili, liko pale kwenye skrini. Yeye akasema hajafuta hata picha ya paka. Miwani akamuuliza kama si kweli kwamba anaimba kwaya moja na mke wa mkandarasi. Kauliza taratibu, kama anayeulizia bei ya nyanya.

Kisha akanigeukia. Je, Mpagazi anaweza kufuta? Nikasema Mpagazi hubeba tu, hafuti.

Ulimi wangu mwenyewe. Haukusitasita hata kidogo.

Akauliza nani mwingine ana nywila. Mama Mdogo akanitazama, kidogo tu, akasema hakuna. Mimi nikajitia hamnazo, nikatazama waya za mezani. Sijawahi kujichukia namna hii.

Alhamisi, 3 Julai

Kasimamishwa kazi. Walinzi wamemsindikiza hadi getini, wale wale anaowaletea magazeti ya bure. Miwani kaniambia nihamie meza yake kwa sasa. Kwenye droo kuna dawa yake ya kuchua na sweta. Nimekaa ukingoni mwa kiti siku nzima. Kwenye korido wanasema amenunuliwa. Mmoja akasema, kimya kingi kina mshindo mkuu — Mama Mdogo huyo, ambaye hajanyamaza tangu azaliwe!

Mama kapiga simu jioni. Mdogo wake hawezi kuuza kazi ya watu, anasema, na mimi niko humo humo ndani, nimsemee. Nikamjibu nalishughulikia.

Jumapili, 6 Julai

Mama Mdogo hakwenda kwaya. Wiki hii akipita wenzake wa kwaya wananyamaza. Alikuwa anakunja nguo, nikamwambia. Yote: kufananisha, kufagia, uongo wangu kwa Miwani. Nililia mpaka kamasi.

Hakushtuka. Kasema alijua tangu Jumanne, mtu niliyekuwa namaliza sufuria ghafla nasukuma sahani. Akaendelea kukunja. Akasema yeye bado miaka michache astaafu, mimi ndiyo kwanza naanza. Nikifukuzwa kwa uongo, nani ataniajiri? Kesho kamati ya nidhamu itatuhoji. Niseme sijui. Nikamwambia watamwita mla rushwa mpaka anaingia kaburini. Akasema wameshamwita, na chakula bado kinashuka.

Na mimi — hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote — nilisikia nafuu. Nililala usingizi mzuri.

Jumatatu, 7 Julai

Tuko kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Amevaa suti ya kijani aliyoshonea harusi ya binamu. Ananiambia kola yangu imekaa upande, anaiweka sawa kwa ule mkono mbovu, uso unakunjamana kwa maumivu. Ameshapanga maneno. Atasema alibonyeza vibaya, uzee. Mkandarasi hatamtaja, kwa sababu hana la kumtaja.

Nimemnong'oneza kwamba hawataamini. Kasema anajua, ila wataridhika.

Miwani kapita na faili kwapani, akanigusa bega: nisiwe na wasiwasi, mimi ni shahidi tu. Mama Mdogo hata salamu hakumpa. Ikabidi Mama Mdogo ndiye amwamkie.

Mlango umefunguliwa. Katibu anauliza nani anaanza. Mama Mdogo ameshanyanyuka. Nimemshika sketi kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine. Anavuta, ananikodolea macho niachie. Sijaachia. Katibu anauliza tena, na wote ndani wamegeuka wanatutazama