Soksi Ameenda kwa Fundi wa Mbao

Jumatatu, 4 Machi

Nesi wa chumba cha pili amegonga tena ukuta. Halafu akaja mwenyewe, shuka begani, macho mekundu. Ametoka zamu ya usiku, anataka kulala, na Soksi anabweka. "Mama Kifungo, huyo mbwa wako atanitoa roho!"

Nikamwambia, mbona mwanangu amelala hapo hapo chini ya cherehani, mbwa anambwekea sikioni, na hashtuki? Wewe mtu mzima unashindwaje?

Akamtazama mtoto. Akamtazama muda. Akasema, "Basi huyo wako ameumbwa kwa chuma," akaenda zake.

Nilicheka peke yangu. Leo nimeshinda mimi!

Jumatano, 6 Machi

Sikushinda. Mama mwenye nyumba amekuja. Nesi ameshtaki, na mzee wa chumba cha mwisho akatia chumvi — eti Soksi anabweka hata akiwa anakula. Neno ni moja: mbwa aondoke kabla ya Jumapili, la sivyo tuondoke naye.

Mume wangu anasema tumpe fundi wa mbao, rafiki yake. Mimi nasema Soksi amekosa nini? Mtu akigonga, anabweka. Si ndiyo kazi ya mbwa? Na Kifungo je? Mlango ukigongwa Soksi anaruka, na Kifungo naye anageuka papo hapo, anacheka, ananyoosha mikono. Wanageuka pamoja kama mapacha!

"Mtoto atasahau," mume wangu kasema. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Zilikuwa zimeshafungwa.

Jumamosi, 9 Machi

Ameenda.

Fundi wa mbao alikuja na mkokoteni. Mtu wa furaha. "Anayebweka ndiye ninayemtaka, shemeji! Niliyekuwa naye akimwona mwizi anamtikisia mkia." Nikacheka na machozi yananitoka. Nikamwonyesha anapopenda kukunwa, nyuma ya sikio la kushoto. Nikampa na kipande chake cha blanketi.

Soksi hakubweka hata kidogo. Leo ndiyo alitakiwa abweke!

Kifungo alinyoosha mikono mpaka mkokoteni ukapinda kona.

Jumapili, 10 Machi

Kimya. Nesi amelala mpaka saa nane mchana. Alale salama. Simsemeshi tena.

Jumanne, 12 Machi

Kifungo amenuna. Jioni baba yake amegonga, mlango wa bati unatetema — mtoto katupa mgongo, kakaa na mkebe wake wa vifungo. Akaingia, akamwita. Wapi! Akamwita tena, kwa sauti tamu. Wapi! "Ananikasirikia kwa ajili ya mbwa," akasema. Akabaki amesimama na viatu mkononi kama mgeni.

Nikamwambia mpe muda, na mtoto ana moyo. Nimemshonea mbwa wa kitambaa, miguu nimeifanya myeupe kama ya Soksi. Amembusu pua.

Mama mkwe, kwenye simu, anasema mtoto wa hasira ndiye mwenye akili. Nikamuuliza, na kusema je? Maana mwaka wa pili unakaribia kuisha na hata "mama" bado. Akasema mumeo naye alichelewa, na sasa nani anamnyamazisha?

Sawa. Atasema tu. Nina imani.

Alhamisi, 14 Machi

Mfuniko wa sufuria kubwa umeniponyoka. Sakafu ya saruji! Mimi mwenyewe nimeruka. Nesi amegonga ukuta.

Kifungo alikuwa kanipa mgongo, anapanga vifungo vyake. Hata mkono haukusita.

Nikauokota. Nikasimama nyuma yake. Nikauachia tena — makusudi.

Cha bluu juu ya chekundu. Cheupe juu ya cha bluu.

Mtu aliyenuna si hushtuka kwanza, ndipo anune?

Nikasogea. Kivuli changu kikaangukia vifungo. Hapo akageuka, akacheka, akaninyooshea mikono! Hana hasira na mtu. Hajanuna hata siku moja, mwanangu. Alikuwa anamtazama Soksi. Soksi akiruka, naye anageuka.

Na mimi nilisimama mlangoni nikajisifu. Hashtuki! Nesi akamtazama muda ule wote. Aliona nini?

Labda ni nta tu. Masikio ya watoto hujaa nta. Nesi atajua, wana vitu vyao vya kuangalia ndani.

Viatu kwenye korido. Ni yeye, anakuja na ugomvi wa mfuniko. Leo simjibu. Nitamwambia ingia, dada, kaa, mtazame mtoto.

Anagonga. Sijainuka. Kifungo kaelekea vifungo vyake, mlango uko nyuma yake.

Anagonga tena, kwa ngumi sasa. Gonga, dada. Gonga kwa nguvu zako zote.

Geuka, mwanangu. Geuka basi.