Rangi Isiyotakiwa Kukolea

Chumba cha Kutilia Rangi,
Nyuma ya karakana ya baiskeli,
Tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Kifua kinaendeleaje? Nasikia huko maabara ya maji mnashinda kwenye baridi ya mashine. Vaa sweta, hata wenzako wakikucheka. Sisi hatujambo, ila kwa kutia vitambaa rangi mikono yangu ni ya buluu mpaka viwikoni, na mwandiko unapanda mlima kama unavyouona. Darasa la nne halikunifikisha mbali, nivumilie.

Nakuandikia kukushukuru kwa ajili ya binti yangu. Kwenye simu sikuweza kuyasema yote.

Unajua alivyofeli jaribio la kemia mara mbili, na mwalimu akasema akifeli la tatu anatolewa masomo ya sayansi. Nilikonda. Hesabu anazijua zote, lakini kila akifungua koki kudondosha alkali kwenye chupa ya asidi mpaka ibadilike rangi, jibu linazidi. Nikadhani macho ni mabovu, nikampeleka kupimwa. Mazima.

Wewe ndiye uliyemuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza: “Unafunga koki wakati gani, mama?” Akakujibu, “Rangi ikikolea, Mjomba.” Ulicheka mpaka simu ikakoroma. “Hapo umeshapita zamani. Kweli huyu mtoto wa dada.”

Mimi niliyekaa pembeni nikisikiliza, nilitamani kujificha ndani ya pipa. Tangu anatambaa ananisikia nikiwasema wasaidizi wangu kwamba rangi hafifu ni kazi ya mvivu, acheni ikolee. Akaingia na neno hilo maabara.

Kichupa ulichotuma, kile cha dawa inayobadili rangi, kilifika salama. Tulifanya ulivyoelekeza: matone matatu ya siki kwenye glasi ya maji, dawa kidogo ya kichupa chako, karatasi nyeupe chini, kisha maji ya chokaa ya kazini kwangu, tone kwa tone, kwa kibomba cha dawa ya macho. Rangi ya waridi inakuja, akitikisa inapotea. Nikamwambia aongeze haraka. Akasema, “Mama, naomba unyamaze.” Mwishowe waridi likabaki, jepesi hata nikadhani ni kivuli cha gauni langu.

“Ndiyo hapa,” akasema. “Asidi na alkali zimetoshana, hakuna iliyobaki. Hii rangi ni tone moja tu lililozidi, linatupa habari.”

Nimeelewa, mdogo wangu. Mimi huyu nimeelewa.

Jumatatu akarudia jaribio. Alipima mara tatu, majibu yakalingana. Mwalimu aliinua chupa dirishani akaitazama, akamuuliza nani kamfundisha kuishia hapo. Anabaki kwenye sayansi. Nimelala vizuri tangu siku hiyo.

Lakini shukrani yangu kubwa iko kwingine. Siku ile ya simu ungeweza kumwambia kuwa mama yake ndiye aliyempotosha, na ungekuwa umesema kweli. Wewe ukamwambia, “Kwa vitambaa mama yako hakosei. Sisi huku hatupambi, tunapima.” Jana alikuja na kipande cha kitambaa, akaniuliza kama kimekolea au bado.

Nisalimie wifi yangu na mapacha, na yule bibi jirani anayewalea. Binti anasema shikamoo.

Mungu akuzidishie kila ulichojipunguzia kwa ajili yetu.

Dada yako akupendaye,
Mama Buluu