Komeo la Vidole Viwili

3 Machi

Kaka yangu,

Habari za huko? Mimi mzima, wasiwasi wangu ni mkono wa baba. Ameniandikia kwamba tangu augue, vidole viwili tu ndivyo vyenye nguvu, na ile bunduki yake ya zamani imemshinda: hawezi kuvuta komeo nyuma ili risasi ya pili iingie. Ameniomba nimchagulie nyingine hapa mjini, katika duka la bunduki ninalouza. Hiyo nayo ikimshinda, anarudisha kibali, kuwinda ndiyo basi.

Leo mchana nilipanga tano juu ya kaunta. Nikafunga macho, nikaziweka begani moja moja, nikavuta komeo kwa vidole viwili, kama atakavyovuta yeye. La kwanza zito. La pili linakwaruza katikati. La tatu linateleza vizuri, ila kuliinua ni vita. La tano afadhali ya la kwanza, basi. Lakini la nne! Nyuma, mbele, na bunduki haikucheza begani. Unasemaje, fundi?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Baba anakula vizuri, na mimi sijambo.

Unaniuliza nasemaje wakati umeshachagua? Miaka ishirini nimemsafishia baba bunduki. Karakana yangu iko hatua thelathini kutoka kitandani kwake, na sikuulizwa. Umeulizwa wewe, ambaye hujawahi kuwinda hata kanga! Sasa jirani kaambiwa, kinyozi kaambiwa: "Kijana wangu wa mjini ananichagulia." Ndiyo, naona wivu, na sikufichi. Sisi tunaoshinda naye ni masufuria ya kila siku, wewe ni sahani ya kabatini. Haya, itume.

Kaka yako

2 Aprili

Kaka yangu,

Hamjambo? Bunduki niliituma wiki mbili zilizopita. Baba, ambaye huniandikia kila wiki, kanyamaza. Kuna nini?

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Tuko wazima wa mwili. Mengine ni aibu yangu.

Bunduki ilifika. Baba alivuta komeo mara tatu pale sebuleni, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto anaujua mkono wangu kuliko mimi," akasema. Mbele yangu, mimi ninayemfungia vifungo vya shati kila asubuhi! Roho iliniuma. Aliponipa niisafishe kabla ya kwenda kuwinda, nikalipaka komeo grisi nzito ya bawaba za mageti. Nilitaka limsumbue kidogo tu, aseme mjini wanajua kuuza, fundi yuko nyumbani.

Porini alimpiga swala, akamjeruhi tu. Akavuta komeo, likagoma. Akavuta tena, wapi. Swala akaenda na jeraha lake. Nikangoja alaumu bunduki. Akautazama mkono wake, akasema, "Huu umekufa."

Mwezi ukiisha anarudisha kibali. Grisi nimeshaifuta yote, lakini hataki hata kuigusa bunduki. Kila nikifungua mdomo nimwambie ukweli, haya inanifunga. Nifanyeje?

Kaka yako

24 Aprili

Kaka yangu,

Sikusalimii, nimekasirika. Umemfanya baba aamini mkono wake umekufa!

Nimemwandikia leo hii kwamba kilichokwamisha komeo ni grisi nzito, niliituma mimi pamoja na bunduki, nikakuagiza uipake, kosa ni langu. Mpe avute tena.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa heshima. Baba mzima. Alipomaliza tu kusoma barua yako aliomba bunduki, akavuta komeo mpaka nikamsihi apumzike. Kibali harudishi. Juzi amempata swala kwa risasi ya pili, nami nyuma yake machozi yakinitoka.

Tukiwa njiani kurudi nikajikaza: "Baba, ile grisi niliipaka mimi, kwa kusudi."

Akanishika bega. "Acha kumbebea mdogo wako lawama, mwanangu. Yule muungwana, amekiri mwenyewe."

Nikaapa. Akacheka, akaniambia nina moyo mzuri, ingawa si kama wako. Jirani kaambiwa, kinyozi kaambiwa. Ubaya nimeufanya mimi kwa mikono yangu miwili, na bado sifa zimekuja kwako.

Kaka yako