Udongo Mwekundu Kwenye Viatu vya Agi

Jumatatu, 3 Juni

Kiroba kingine kimekuja. Cha tatu hiki. Dereva wa lori la mboga alipiga simu asubuhi nikiwa nadeki: mwalimu, mzigo wako uko sokoni, njoo uchukue. Njegere, karoti, kabichi nne. Juu jina langu kwa makapeni, ile kalamu nene, mwandiko wa Paulina. Hakuna barua. Hakuna salamu.

Paulina ni dada yangu, tumbo moja. Yuko Mgeta, mlimani, kwenye mashamba ya mama. Hatujaongea tangu tumzike mama, mwaka wa tatu huu. Mtu hanyamazi miaka mitatu halafu akaanza kukugawia kabichi. Anataka kitu.

Kabichi nimempa jirani, Mama Saidi. Karoti pia. Deo alirudi kutoka kazini Mzinga akakuta njegere bado ziko mlangoni. Akasema mboga hazina kosa. Mume wangu huyo, kwake kila mtu ni mwema.

Sikuzipika.

Jumatano, 5 Juni

Agi amerudi jana jioni. Mwanangu wa pekee, mwaka wa tatu chuoni, anasomea kilimo. Anasema alikuwa Dakawa siku nne, mafunzo kwa vitendo kwenye mashamba ya mpunga.

Leo nimeona viatu vyake nje ya mlango wa jikoni. Nimefundisha Jiografia miaka ishirini na miwili. Udongo wa mpunga kule Dakawa ni mweusi, ukikauka unapasuka. Huu ni mwekundu. Udongo wa mlimani. Na kwenye kamba ameanika sweta zito. Nani anakwenda Dakawa na sweta?

Nilifikiri mwanamume. Nikajilaumu. Nikafikiri tena.

Jioni aliongoza rozari. Sauti imetulia, hakosei hata neno. Anasali kama mtu asiye na jambo lolote. Hilo ndilo limenitia wasiwasi zaidi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemuuliza Deo kama ameona kitu. Amesema ameona binti amepungua mwili kidogo na anacheka zaidi. Basi.

Wana siri wote wawili, au ni Agi peke yake?

Jumamosi, 8 Juni

Jumuiya ilikuwa kwa Mama Respisi. Kama kawaida yangu, tafakari niliitoa kwenye mambo ya nyumbani. Kila wiki nachukua kitu cha jikoni au cha uani, naonyesha Mungu anasema nini hapo. Wamama wanapenda. Wananiita mwalimu hata wale walionizidi umri. Leo nilizungumzia kuchagua mchele. Kwamba mawe hayajitokezi yenyewe, lazima mtu akae chini, atulie, atafute. Na moyo nao ni hivyo hivyo.

Nilipomaliza Mama Respisi akasema, taratibu tu, akiwa anamimina chai, "Lakini mwalimu, kuna mtu anatafuta mawe mpaka anasahau kupika."

Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Nimerudi nalo njia nzima. Nani kamwambia nini?

Jumapili, 9 Juni

Misa ya kwanza. Baada ya misa Agi alisimama nyuma ya kanisa na simu. Nilipita upande wa pili, aliponipa mgongo. Sikusikia yote. Nilisikia "mama mkubwa" mara mbili. Na "Jumamosi". Na "hapana, hajui".

Ana mama mkubwa mmoja tu duniani.

Kumbe siyo mwanamume. Ni afadhali ingekuwa mwanamume. Nilisema wazi baada ya mazishi kwamba hakuna mtu wa nyumba hii atakayekanyaga kule, na nilidhani nimeeleweka.

Chakula cha mchana sikukimaliza.

Jumanne, 11 Juni

Nimepekua begi la mwanangu. Naandika hivyo hivyo ilivyo. Alikuwa anaoga, na maji ya bafuni yalikuwa yananiambia bado nina muda.

Karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Mwandiko wa Paulina. Kikao cha ukoo, Jumamosi tarehe 15. Shamba la chini, la mama, lile lenye chemchemi. Majina ya wanawake watano wa ukoo. Jina la Mjomba Kalisti. Chini kabisa, Agripina, jina la mwanangu. Langu halipo.

Sasa nimeelewa. Kwetu Uluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Mama alituzaa wanawake wawili. Paulina amezaa wanaume watupu, mimi nimezaa binti. Anamtaka binti yangu ili anizunguke mimi. Na viroba ni vya kunifunga mdomo.

Nimerudisha karatasi kama ilivyokuwa. Nilikuwa na hasira, na aibu pia.

Deo amesema muulize tu. Nimemwambia mwizi haulizwi, anasubiriwa.

Alhamisi, 13 Juni

Nilimtega Agi wakati wa chai. Nikamuuliza habari za Dakawa, mpunga umefikia wapi, wanafunguliaje maji. Akajibu kila kitu. Mifereji, zamu za maji, ndege wanaokula mpunga. Angenijibu vibaya ningepumua. Alijibu vizuri kama mtu aliyejiandaa.

Anadanganya vizuri. Anadanganya kwa utulivu, anaangalia mtu usoni.

Nimejiuliza amejifunza wapi. Swali hili sikulipenda.

Ijumaa, 14 Juni

Agi ameondoka na begi. Kasema anarudi Dakawa, hadi Jumapili. Nimemwambia safari njema. Nimembusu.

Kesho tafakari ya jumuiya ilikuwa yangu. Nimetuma ujumbe kwamba naumwa. Siumwi.

Nimejaribu kusali. Kila nikifumba macho inakuja siku ile aliyokufa mama. Sitaki kuiandika.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika hapa Mgeta, nyumbani kwa mama, kwenye kitanda chake. Sijui nianzie wapi.

Nilipanda gari la saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya huku juu nilikuwa nimeisahau. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mteremko mkali wa njia ya miguu, na nimezeeka, nilishika majani ili nisianguke. Kila niliyekutana naye alinisalimia kwa Kiluguru. Niliwajibu kwa Kiswahili kama mgeni.

Kwenye ngazi za shamba la chini njegere zimesimama kwenye miti, mistari imenyooka kama ya daftari. Paulina hajawahi kulima hivi. Sikufikiri zaidi, nilikuwa na haraka ya kugombana.

Nilikuta wamekaa sebuleni. Wanawake watano. Mjomba Kalisti, mdogo wake mama, ndiye msemaji wa ukoo. Paulina. Na Agi kwenye mkeka, ameketi karibu na magoti yake. Agi aliponiona alisimama akashika mdomo.

Paulina alisema, "Karibu, mdogo wangu."

Sikuitikia. Mjomba nilimpa shikamoo, yeye peke yake. Dada yangu amenizidi miaka tisa na sikumwamkia, mbele ya watu. Nikasema nimekuja kuona wanavyonigawa. Nikasema mengi. Kwamba mama angejua. Kwamba wamemfundisha mtoto wangu uongo. Kwamba mtu aliyemwacha mama akafia ndani bila kumwita mtu leo ndiye anagawa ardhi yake.

Waliniacha nimalize. Hilo ni baya kuliko kukatizwa.

Mjomba akaeleza. Shamba la chini lilikuwa limekaa pori misimu mitatu. Paulina ameshindwa, macho yanamsumbua na magoti hayateremki tena. Nyumba nyingine ya ukoo imeliomba, na kwa haki yao, maana shamba lisilolimwa linarudi kwa ukoo. Paulina akakataa. Akasema kuna mtoto. Tangu Machi Agi anapanda huku kila akipata nafasi. Analima mwenyewe, kwa jembe. Njegere ni zake. Viroba vilivyoletwa mlangoni kwangu ni mavuno yake ya kwanza. Yeye ndiye aliyetaka viende kwangu. Aliogopa kuniambia. Paulina aliandika tu jina.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Walikuwa wanapanga jambo nyuma yangu. Na nilikuwa nimekosea kabisa.

Nikasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "Kwa nini hamkuniambia? Mngenipigia simu."

Paulina aliniangalia. Macho yake yana ukungu sasa, sikujua yamefikia hapo.

"Simu, Felista?" akasema. "Mimi nikupigie wewe simu?"

Wale wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa.

Basi niandike.

Siku ile ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa natoa semina kwa jumuiya tatu kwa pamoja. Amri ya nne, kuheshimu baba na mama. Simu ilikuwa mezani, imezimwa sauti, inaangaza. Paulina. Paulina. Paulina. Mara saba. Niliona kila mara. Nilidhani ni malalamiko yake ya kawaida, mama hali, mama halali, njoo. Watu walikuwa wananisikiliza vizuri. Niligeuza simu kifudifudi. Alikuwa anatafuta gari la kumteremsha mama mjini. Nilipompigia jioni, mama alikuwa ameshafariki tangu saa tisa.

Sijui kama gari lingemuokoa. Hakuna ajuaye. Lakini nilizifuta zile simu. Na kaburini, watu wote wakiwepo, nilisema hakuna aliyenipigia mpaka mama alipokwisha kufa. Wakamgeukia Paulina. Naye akanyamaza.

Leo nilimfuata jikoni, wengine wakiwa nje. Alikuwa anachochea moto, hakunigeukia.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba."

Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema. Alikuwa na simu yake, angewaonyesha.

Alisukuma ukuni. "Tulikuwa na maiti mmoja," akasema. "Sikutaka wawili."

Nimelia kama mtoto. Hakunishika. Alinisogezea kigoda, akaendelea na moto.

Jumapili, 16 Juni

Sikulala sana. Kabla ya misa niliomba Mjomba awaite wale wanawake tena. Nikasema yote. Simu saba, kufuta, kaburini. Nilisema nimesimama, bila mfano na bila kutaja Maandiko. Nilijua nikianza kuweka mfano nitapendeza.

Mama mmoja aliguna. Mwingine alisema, "Miaka mitatu tumempita mwenzetu bila salamu." Akatoka. Sijui kama atarudi kunisemesha, na sitamlaumu.

Mjomba alisema, "Tumesikia. Nawa mikono, unywe uji."

Nilitarajia nafuu. Haikuja, au imekuja kidogo mno. Hata toba yangu naitilia shaka. Nilipokuwa nasema, kuna kona moja moyoni ilikuwa inajitazama inavyosema vizuri. Ee Mungu, hata hapo.

Shamba limeandikwa kwa jina la Agi. Nimetia sahihi kama shahidi. Wameniongezea mstari chini.

Tuliteremka pamoja, mimi na Agi. Tulifika karibu na mjini. Halafu akasema, "Mama, Dakawa nilikwenda kweli. Mara moja, mwaka jana."

Nikamwambia nami nilipekua begi lake.

Akasema alijua. Karatasi nilikuwa nimeikunja mara tatu, siyo nne.

Jumanne, 18 Juni

Nimemwambia Deo. Miaka mitatu amelala kitanda kimoja na mtu asiyemjua. Alitoka nje kumwagilia mchicha, akamwagilia hadi maji yakawa madimbwi. Aliporudi akasema ana hasira na mimi. Hajawahi kuniambia hivyo. Nimemheshimu.

Jumamosi, 22 Juni

Jumuiya. Tafakari yangu kama kawaida. Niliwaambia wamama sina tafakari, nina kosa, na nusu yake niliifanya mbele yao, wakati wa ile semina. Wengine waliikumbuka. Mama Respisi aliikumbuka vizuri, alisema ndiyo iliyomfanya amrudie mama yake mzazi. Sijui nifanye nini na neno hilo. Linauma na linafariji kwa pamoja. Nimeomba mwingine ashike uenyekiti badala yangu. Hawajajibu.

Nilipotoka nilidhani wananong'ona. Pengine walikuwa wananong'ona. Nimeendelea kutembea.

Jumapili, 30 Juni

Paulina yuko hapa. Kesho tunampeleka kliniki ya macho. Ameleta blanketi lake mwenyewe, haamini ya kwetu.

Hatujawa kama zamani. Anaongea na Agi kuliko na mimi. Asubuhi alinisahihisha jinsi ninavyokata mboga, nikakata alivyotaka.

Alasiri Deo na Agi walitoka. Tukabaki wawili sebuleni. Akaniomba nimsomee Injili ya leo, kanisani hakuona kitabu na padri alisoma haraka. Nikavaa miwani. Nilisoma polepole. Kabla ya nusu alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, sawasawa na mama.

Sikutafuta somo lolote hapo. Nilishusha sauti, nikasoma hadi mwisho.