Kichujio cha Mwalimu Rula

Shoga, unamkumbuka Mwalimu Rula, yule wa hesabu aliyetunyoosha darasa la sita? Leo kaumbuka mbele ya walimu wote.

Tulikuwa semina ya kufundisha kwa miradi. Kila mwalimu alete kitu kilichotengenezwa na wanafunzi wenyewe. Yeye kaja na kichujio cha maji, kimepakwa rangi, kinang'aa. Eti darasa zima limehangaika nacho wiki mbili.

Mkufunzi akamwita binti mmoja wa darasa hilo, aliyekuja naye, aeleze kinavyofanya kazi. Mtoto akasema, "Sijui. Mwalimu alikitengeneza mwenyewe, akatukataza kugusa tusije tukakiharibu."

Tusije tukakiharibu. Mzee wa watu jasho likamtoka, akataka kujitetea, maneno yakamkwama: "Mi... mimi ni... nili..."

Sasa mkufunzi unajua ni nani? Yule mwenye kigugumizi tuliyekaa naye dawati moja. Akatabasamu, akamwambia taratibu, "Simama vizuri. Sema tena, darasa lisikie."

Maneno yaleyale aliyokuwa akiambiwa yeye na Rula kila asubuhi.

Ukumbi mzima ukacheka. Mzee akanitafuta kwa macho, maana mimi ndiye niliyekuwa kipenzi chake. Nikacheka kuliko wote.