Aseme Mbele ya Watu Wake

Louisville, 3 Februari 2024

Mwanangu Florida,

Salamu nyingi. Kikohozi kimeisha? Sisi wazima, ila goti langu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana.

Pantaleo amenipigia kutoka Columbus. Ananiita "ndugu Sylveri", anataka uolewe na Samsoni wake. Sauti asali tupu. Huyu ndiye aliyesema kule kambi ya wakimbizi, harusini, watu wakisikia, kwamba babu yako kulima shamba la kwao bila ujira ulikuwa mpango wa Mungu. Akakataa kunywa nami pombe ya mtungi mmoja. Leo undugu umetoka wapi?

Baba yako

Buffalo, 18 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimepona, pole na goti.

Darasani tunasoma hotuba za Lincoln, rais wa huku wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1861 aliahidi kutougusa utumwa pale ulipokuwepo. Mwaka 1865 alisema huenda vita vile ni malipo ya Mungu kwa damu iliyotolewa na mjeledi. Nimekuwekea zote mbili humu. Miaka minne tu, Baba! Pantaleo amepata zaidi ya ishirini ya kubadilika.

Binti yako

Louisville, 9 Machi 2024

Mwanangu,

Goti lina nafuu. Nimezisoma ghalani wakati wa mapumziko. Ya kwanza ni ya mtu anayewabembeleza wenye watumwa wasijitenge. Basi maneno hufuata haja, na Pantaleo ana haja ya mke wa mwanawe.

Ila ya pili imenisumbua. Watu wake walikaribia kushinda, walitaka kusifiwa. Yeye akawaambia kosa ni la kaskazini na kusini pia. Pantaleo ameniambia mimi tu, sikioni. Aseme Columbus, mbele ya ukoo wake. La sivyo, sipokei posa.

Baba yako

Columbus, 21 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nipo mtaa wa Northland kwa shangazi Veridiana. Neno lako nilimfikishia Pantaleo.

Jana ukoo wao ulikutana kupanga posa. Mimi nilikuwa jikoni na akina mama. Msemaji wao alikuwa anasifu ng'ombe wa mahari wasiokuwepo, Pantaleo akasimama. Mkewe akamvuta koti: "Keti wewe! Tangu lini baba wa kijana akasema?" Hakuketi. "Baba yake Sylveri alitulimia, hatukumlipa. Nikamsingizia Mungu. Ni sisi." Kaka zake wawili wakaondoka, chakula hawajagusa.

Najua utasema tumepanga. Waulize hao walioondoka.

Binti yako

Louisville, 2 Mei 2024

Mwanangu,

Uzima upo. Nimempigia yule kaka mkubwa. Amemtukana Pantaleo mpaka sikio likaniuma: amewaaibisha, amewauza, uzee umemvuruga. Basi ni kweli alisema.

Waje Juni. Mama yako ameshatafuta mtama wa pombe. Nitaweka mtungi mmoja, mirija miwili, nami nitamtazama.

Baba yako