Waya Kwenye Gia Ndogo

Nyumbani,
6 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea uzigawe: kwa mkaza mwanangu, kwa binti yake, na kwa huyo aliye tumboni, apewe naye hata kama masikio hayajakomaa. Huku sote wazima. Bibi yako mzima ila magoti, anasema yanaiona mvua kabla ya mawingu. Dada yako mzima, cherehani yake imepata mkanda mpya, haipigi kelele tena, sasa tunalala. Jirani muuza mkaa mzima, anauliza kama bado unacheka kama fisi. Baba yako mzima. Anakusalimu.

Kilichonishikisha kalamu ni Nyumbu, ile pikapu yetu. Baba yako alikwenda kuchukua mbao kwenye matope, akaitia fowili ili magurudumu yote manne yavute. Ikavuta, ikatoka. Kufika kwenye lami, kile kigia kifupi hakirudi! Amekivuta mpaka bega likamuuma. Sasa pikapu inakwenda kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Ikikata kona inarukaruka na kulia, na mafuta inakunywa kama imelogwa. Nikimwambia aite fundi anasema, "Mafundi wa hapa ni wa kufunga baiskeli." Unajua ni fundi gani anamtaka, ila mdomo wake ndio huo.

Niandikie inatengenezwaje. Andika polepole, shule yangu unaijua ilipoishia. Nitasema nimeelekezwa na fundi wa kiwanda cha mbao. Mkaza mwanangu akijifungua nataka tuje wote na gari hilo, baba yako akiwa kwenye usukani. Nimeshaanza kumlainisha.

Mimi mama yako.


20 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mkaza mwanao anakuamkia, tumbo limekuwa kubwa hata viatu anafungiwa. Mwamkie bibi, mwambie dada cherehani aitie mafuta. Salamu za baba nimezipata. Sauti yake siku hizi inafanana na yako.

Gari halijaharibika. Fowili ni ya matope. Kwenye lami tairi haziwezi kuteleza hata kidogo, kwa hiyo gia zinajisokota ndani kama kamba, zinabanana. Ukivuta kwa nguvu unapoteza jasho. Fanyeni hivi: liwekeni kwenye udongo, usukani unyooke, lirudi nyuma taratibu, mpaka pale kwenye banda la kuku. Likiwa linarudi, akanyage klachi na kukivuta kigia kwa vidole tu. Kitalegea. Kikikataa, pigeni jeki gurudumu moja la mbele, na mtu asilishike, maana linaweza kuzunguka ghafla lenyewe.

Mama, mtoto akiwa wa kiume tutampa jina la baba. Sikulisema mimi. Kalisema mke wangu, yule yule ambaye baba alisema asikanyage kwake kwa kuwa alikuja na mtoto mgongoni. Sitaki zawadi wala maneno. Nataka baba aje amshike. Nimebisha hodi mlango ule miaka yote hii, mkono umechoka.

Mwanao, kitinda mimba.


9 Machi

Mwanangu,

Hamjambo nyote hapo? Sisi wazima, na leo wazima zaidi. Imetoka!

Nilimsomea baba yako maneno yako, pale ulipoandika "baba" mimi nikaruka. Akaguna. Akaingia garini kama anayekwenda kunyolewa. Dada yako kasimama nyuma anapiga kelele, "Njoo, njoo, usinikanyagie kuku!" Bibi yako naye mlangoni, "Alirudishe mpaka wapi, mpaka jikoni?" Basi linarudi, linarudi, nikasikia ndani yake kitu kinafanya ka! Baba yako akakivuta kigia kwa vidole viwili, kikaja kama kijiko kinavyotoka kwenye uji.

Akazima gari. Akauliza, "Huyo fundi wako wa mbao alilala chini ya gari hili lini, hata akajua lilipo banda la kuku?" Nikasema mafundi wanajua mengi. Akashuka, akaufunga mlango. Lakini jioni alikuwa anaosha vioo, anapiga mluzi. Mwanangu, mluzi! Tangu uondoke sijausikia.

Mtoto akizaliwa taja siku tu.

Mama yako mwenye furaha.


2 Aprili

Mama, shikamoo.

Ni wa kiume. Mama yake mzima, mtoto mzima, ana paji la uso la baba na hasira zake. Jina nimeshalisema hospitali. Njooni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Nimewaombea chumba kwa jirani, kina kitanda cha kumfaa mgongo baba. Dada yake mtoto ameanza leo kuufagia uwanja, anasema babu asije akakuta majani.

Mwanao.


29 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Poleni, na kuomba radhi kwangu kutangulie salamu. Najua mlitungoja. Mkaza mwanangu apone vizuri, mjukuu wangu apate usingizi, na yule mfagiaji wa uwanja nimwambie nini mimi? Bibi yako alishanipa shuka la mtoto, dada yako kashona kofia mbili. Ijumaa nilipiga pasi shati la baba yako. Jumamosi asubuhi akaniita, "Njoo uone. Limekwama tena."

Nikavuta mwenyewe, kigia hakitikisiki. Safari hii ni vibaya kuliko mwanzo, maana nilipoinua lile zulia la miguuni nikaona pana waya, wa kufungia nondo, umekizunguka kigia pale chini, ncha zimesokotwa na kulazwa vizuri. Baba yako akasema ndivyo gari za zamani zilivyo. Sasa niambie, waya huo hutolewaje bila kuharibu gia? Au njoo wewe, mwanangu, ulitazame. Mwanangu, njoo.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako.


14 Mei

Mama,

Shikamoo.

Hakuna gari linalotoka kiwandani na waya wa nondo, la zamani wala jipya. Na waya haujisokoti ncha.

Uwanja tumeacha kuufagia. Msiniandikie tena habari za gari.

Mwanao.


8 Agosti

Mwanangu mpenzi,

Ile barua yangu ya mwezi wa sita sikuiona ikijibiwa, labda ilipotea njiani, barua nazo hupotea. Basi naanza upya. Salamu kwako, kwa mkaza mwanangu, kwa mjukuu wangu wa kike, kwa mjukuu wangu wa kiume anayebeba jina zito. Bibi yako yupo, haamki sana. Dada yako mzima. Muuza mkaa mzima, siku hizi hakuulizii. Baba yako mzima. Salamu zake sina. Na zile nilizokuwa nakuandikia zote zilikuwa zangu, ulijua, nisikufiche tena.

Barua yako nilimsomea yote, sikuruka neno. Alikuwa anakula. Akaendelea kula. Nikachukua koleo, nikaenda garini, nikaukata waya mwenyewe, vidole vikanitoka damu. Kigia kikarudi mahali pake bila gari kurudi nyuma hata hatua moja. Hakikuwa kimebanwa na chochote! Nikageuka, yuko nyuma yangu. Nikamwambia, "Mume wangu, gari zima. Twende." Akaniangalia, mwanangu, nilidhani atalia. Akasema, "Mwandikie limekwama."

Ndilo neno la kwanza alilokutumia tangu uondoke. Mimi siliandiki kama lake, nakuandikia alivyolisema, ulipime mwenyewe.

Keshokutwa yake nilikuta waya mpya.

Sasa nakuja na basi. Mimi na kofia mbili na shuka la bibi yako, ingawa kofia huenda hazimwenei tena. Kukata kona na kuuliza njia nitajua, ulimi ninao. Ila siwezi kufika nikabisha hodi kwenye nyumba isiyonitaka, hiyo wewe unaijua kuliko mimi. Niandikie upesi, neno moja tu, njoo au usije. Begi nimelifunga, liko nyuma ya mlango, na kila anayepita na barua natoka.

Mimi mama yako.